Re: Pantelleria haina bichi, nighairi safari?

Mambo dada, pole kwa kuzungushwa. Kama nimekuelewa una siku 4 ukitokea Sicily, kisiwa cha Pantelleria huko Italia umekipenda ila bichi ya mchanga kila ukitafuta huioni. Huioni kwa sababu haipo, kile kisiwa ni volkano, pwani ni mawe meusi tu.

Cheki usafiri kwanza. Ndege fupi zipo toka Trapani na Palermo, meli inatoka Trapani ila upepo ukichachamaa haiondoki, mimi nilikaa bandarini siku nzima nakula biskuti. Kodi skuta, nenda Specchio di Venere, ziwa la kreta (shimo la volkano), maji ya uvuguvugu na tope ambalo watu wanajipaka mwili mzima wanakaa juani hadi likauke, yani utacheka. Kulala tafuta dammuso, nyumba ya mawe, kuta nene, paa la kuba, ndani baridi bila eisii. Mizabibu yao wanaipanda kwenye vishimo upepo usiivunje, UNESCO waliuorodhesha ukulima huo 2014. Na vijiji vinaitwa Khamma, Bugeber, Uarabu mtupu ndani ya Italia 😀

Mi ningeenda. Beba viatu vya kuingilia majini, yale mawe yanachana.