Yangeyange anayeungua kwenye picha

Msomaji wa Bagamoyo amenitumia picha za yangeyange wa ufukweni. Ndege ni doa jeupe, manyoya hayaonekani, naye anauliza anunue lenzi gani. Usinunue kitu, ndugu yangu. Lenzi ya milimita 300 inatosha. Kinachokuangusha ni saa unayokwenda, na jinsi kamera inavyopima mwanga.

Pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi ukielekea baharini jua linakupiga usoni na ndege anabaki kivuli. Likishapanda, mchanga unafuka joto, hewa inachezacheza, na hata lenzi ya mamilioni inatoa picha iliyolegea. Nenda alasiri jua likiwa mgongoni, ila kwanza tazama mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi alasiri. Yangeyange na ndege wenzao sululu waliotawanyika mbali topeni husogezwa na maji hadi karibu yako. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hiyo maji yamekupwa na ndege wako mbali.

Fika saa nane, kabla yao. Lala kifudifudi juu ya turubai, lenzi iwe shubiri moja kutoka mchangani. Ukipiga umesimama, nyuma ya ndege ni tope tupu. Ukiwa usawa wa jicho lake, nyuma ni bahari ya mbali iliyolainika.

Sasa huko kuungua, yaani ndege kuwa doa jeupe lisilo na manyoya. Kamera inaona tope jeusi limejaa fremu, inadhani kuna giza, inaongeza mwanga. Punguza mwanga kati ya theluthi mbili ya stopu na stopu moja (stopu moja ni nusu ya mwanga), na histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye skrini ya kamera, isigote kulia. Anayetembea mpige kwa kasi ya 1/500 ya sekunde, anayeruka 1/2000. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikifika 1600 iache: chembechembe zinavumilika, mtikisiko hautibiki.

Na msiwakurupushe ndege ili waruke! Wanapumzika wakingoja maji yatoke wakale. Sergey Gorshkov, aliyeshinda shindano la wapiga picha za wanyamapori, Wildlife Photographer of the Year 2020, kwa chui milia aliyekumbatia mti Urusi, alitega kamera njiani mwa mnyama na kungoja zaidi ya miezi 11. Wewe unashindwa saa mbili?

Ukimaliza, usifute lenzi kwa fulana. Mchanga unakwaruza kioo. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira, kisha kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji yasiyo na chumvi, halafu kikavu. Miguu ya stendi ya kamera, kama ulikwenda nayo, ioshe usiku huohuo. Ukizoea kuilaza na chumvi, skrubu zitashika kutu.