Mbegu Hairutubishi Kitu

Msomaji ameandika makala yenye sentensi hii: "Seli zinazolizunguka yai huziathiri mbegu za kiume wakati wa urutubishaji." Mhariri wake akafuta "seli" akaweka "chembe". Anauliza nani kapatia.

Kapatia msomaji. Chembe ni punje, hata ya mchanga, ndiyo maana wanaolipenda neno hilo hulazimika kuongeza "hai". Seli asili yake ni Kilatini, chumba kidogo, na imekwisha kuwa Kiswahili. Irudishwe.

Neno lililostahili kalamu nyekundu ni lile la mwisho: urutubishaji. Hili linaniudhi miaka mingi. Rutuba kwa Waarabu ni unyevu, kwetu ni utajiri wa udongo. Kinachorutubisha shamba ni mboji, samadi, majani yanayooza. Mkulima aliyefukia punje za mahindi amepanda, na hakuna atakayemwambia amerutubisha, kwa sababu punje zile zimekuja kula rutuba iliyopo. Leo vitabu vinatufundisha kwamba mbegu inarutubisha yai! Na hiyo mbegu yenyewe? Ipasue punje ya hindi uone: ndani mna kiinitete, mmea mchanga ambao chavua na yai vilikwisha kuufanya kabla hindi halijakomaa. Mbegu ya kiume haina kiinitete, ni upande mmoja tu.

Msidhani nagombania urembo wa maneno. Ukisema yai limerutubishwa, umelifanya udongo uliolala ukingoja mwenye jembe, na mwanafunzi anabaki na picha hiyo maisha yake yote. Picha ya uongo. Yai la mwanamke hutoka likiwa limevikwa maelfu ya seli za kumulasi, zilizoshikana katika ute mzito wenye asidi ya hialuroni. Seli hizo hutoa progesteroni. Mwaka 2011 makundi mawili ya watafiti yalionyesha kwamba homoni hiyo huamsha milango iliyomo mkiani mwa mbegu, iitwayo CatSper. Milango ikifunguka, kalsiamu huingia, mkia hubadili mwendo na kuanza kuchapa kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo mbegu inayohitaji ili ipenye ute na ganda la yai. Mwanaume aliyerithi hitilafu kubwa katika milango hiyo huweza kuwa mgumba, hata kama mbegu zake ni nyingi. Sasa nani kampa mwenzake rutuba?

Soma tena sentensi ya msomaji wetu. Mwanzoni seli za upande wa yai zinatenda. Kufika mwisho, "urutubishaji" umeligeuza yai kuwa mtendwa. Sentensi inajikana yenyewe.

Na neno tunalo. Husemwa "mimba imetunga", hakuna bwana wala mtwana. Hutungwa shanga, hutungwa shairi: vilivyokuwa mbalimbali vikawa kitu kimoja. Vitabu vya biolojia vina "utungisho" tayari, kimebaki kulitumia.

"Mbegu" naiacha. Imeota mizizi kliniki na nyumbani, nami nimechoka kuvutana nayo, ilimradi isichanganywe na shahawa, ambayo ni majimaji yanayoibeba. Ila urutubishaji wa yai sitausamehe. Andika: "Seli zinazolizunguka yai huziamsha mbegu za kiume kabla ya utungisho."