Jibu: Mahindi yametiwa dawa lakini bado yanageuka unga

Ndugu, umeuliza kwa nini mahindi uliyoyatia dawa bado yanageuka unga ghalani. Wadudu uliowaeleza, kahawia-weusi, milimita 3 hadi 4, mwili kama silinda uliokatwa wima nyuma, si fukusi. Huyo ni dumuzi, ndiye wakulima wanayemwita Scania, mgeni kutoka Amerika ya Kati aliyeanza kusumbua Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha akatokea Taveta. Unga mwingi chini ya gunia ndiyo alama yake.

Dawa yako ya pirimifosi-methili pekee inamaliza fukusi, dumuzi haimwezi vizuri. Tafuta dawa ya unga yenye pirimifosi-methili iliyochanganywa na permethrini, gramu 100 kwa gunia la kilo 100. Ila pukuchua kwanza: mahindi yakiwa bado kwenye gunzi anachimba raha mustarehe, dawa haimfikii. Anika hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13, pepeta, tenga yaliyotobolewa, vaa barakoa, kisha changanya kwa koleo juu ya turubai. Kunyunyiza juu ya gunia tu ni kupoteza hela.

Kagua na nguzo za ghala, maana hujificha kwenye mbao. Na makopa ya muhogo yaondoe humo. Anayapenda kuliko unavyodhani.