Kaka uliyeniandikia juzi kuhusu mkeo, usijifanye askari

Juzi usiku nimepata meseji kwa kaka mmoja anayenisomaga humu, fupi tu, kwamba majibu ya mke wake yametoka, ni kansa ya titi, aanzie wapi. Nikaisoma kama mara tatu hivi. Mke wangu alikuwa pembeni anakunja nguo akaniuliza mbona umenyamaza ghafla, nikampa simu asome mwenyewe, akasoma, akarudi kwenye nguo zake, akasema mwambie asijifanye askari kama wewe. Haya, ameshanisema, ngoja nisimulie.

Sisi majibu yalipotoka mimi nilikata shauri kwamba hili jambo ni letu wawili, asiambiwe mtu. Hata dada yake wa tumbo moja nilimkatalia mke wangu asimwambie, eti tusiwape watu presha. Nikawa naamka kabla ya jogoo, naandaa watoto, naenda kazini, natoroka kazini nampeleka hospitali, narudi tena kazini, na mtu akiniuliza mnaendeleaje najibu tuko poa. Nilijiona mwanaume kweli kweli. Kiburi tu kile, hakuna kingine.

Siku ya kemo ya kwanza, yaani zile dawa kali za kuua kansa, kuna ile dawa nyekundu, wanaiita doksorubisini, ukiiona kwenye bomba la sindano ni kama wino. Nesi akaelezea kila kitu, ila mimi muda huo nipo koridoni naongea na bosi kwenye simu, na mke wangu kwa uoga alionao haingii neno kichwani. Usiku ananiita chooni anatetemeka, mkojo mwekundu. Nikapaniki kuliko yeye aisee, tukakesha tunaangaliana tukijua damu inatoka ndani, asubuhi napiga simu hospitali nesi anacheka kidogo, anasema si niliwaambia, ni rangi ya dawa, siku moja mbili inaisha. Usiku mzima wa mateso kwa sababu mimi nilikuwa na simu sikioni. Kwahiyo daftari, kaka. Mmoja anasikiliza, mmoja anaandika, na simu izimwe.

Kosa la pili ndo nusura liniondolee mtu. Kama siku ya kumi baada ya dozi ya pili, nimeenda kazini nimemwacha amejifunika anasema anasikia baridi, nikamwambia lala utapona. Kumbe hizo siku kati ya ya saba na ya kumi na nne hivi ndo chembe nyeupe za damu zinashuka chini kabisa, mwili hauna mlinzi, na homa ikifika 38 hiyo ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, usiku usiku, sio meza panadol usubiri kukuche. Hata kipimajoto ndani hatukuwa nacho! Shemeji yangu, yaani dada yake, alikuja tu kwa kuhisi, hakuna aliyemwambia, akamgusa paji la uso, akambeba. Akalazwa, antibayotiki za dripu, siku tano.

Nilipofika wodini shemeji hakunigombeza. Alinitazama tu. Hilo jicho ninalo mpaka leo.

Kesho yake akatukalisha wote, akagawa kazi kama anagawa zamu. Mama mkwe anahamia kwetu, watoto ni wake. Mdogo wangu ni dereva. Binti wa shangazi ndo msemaji, taarifa zote za grupu anaandika yeye, simu za pole anapokea yeye, maana hujui inavyochosha mgonjwa kurudia stori ile ile kwa watu 30. Shemeji mwenyewe akachukua kipimajoto na ratiba ya dawa. Nikauliza na mimi je? Akasema wewe shemeji kazi yako ni kukaa pembeni ya mkeo, basi. Nilinuna, nikaona nimevuliwa cheo, lakini siku ile ndo nilianza kuwa mume wa mgonjwa badala ya bodaboda wake.

Maana kuna vitu nisingeviona. Usiku baada ya kila kemo hakuwa analala, saa tisa usiku namkuta anapanga makabati, nguo zote chini. Ni zile dawa za steroidi wanazopewa kuzuia kutapika na aleji, zinafukuza usingizi. Zamani ningemwambia rudi kulala. Nikakaa chini naye tukapanga kabati, na hapo kwenye rundo la soksi ndo aliniambia mara ya kwanza kwamba anaogopa kufa. Miezi miwili alikuwa nalo, na mimi najibu watu tuko poa.

Baadaye ikaja kemo nyingine, dozi 12, moja kila wiki, hizo sina la kusimulia, foleni na ganzi vidoleni. Ikaja upasuaji, ikaja mionzi mara 15, siku tano kwa wiki. Sasa hivi yuko kwenye kidonge kila siku, miaka mitano walau.

Ila familia nayo usiipambe sana. Kuna ndugu yangu mkubwa alisema unachoma hela huyo haponi, alisema kwa sauti na mke wangu yuko chumba cha pili. Kuna aliyeleta chupa ya mitishamba akanuna tulipomuuliza daktari kwanza, daktari akakataa, anasema zingine zinagongana na kemo na ini ndo linaumia. Tunasalimiana nao. Kusahau sijasahau.

Wanaume wenzangu tusikilizane hapa, kuficha ugonjwa wa mkeo sio kumlinda, unamfungia ndani na wewe mwenyewe umechoka. Sema! Na anayeuliza nisaidie nini mpe kazi yenye siku na saa, usimjibu tuombee tu.

Wewe kaka, kipimajoto leo. Daftari leo. Halafu mpigie dada yake kabla hajaja kwa kuhisi. Mke wangu anasema niongeze vijiko vya plastiki, maana kemo ilimfanya kila kitu kiwe na ladha ya chuma na kijiko cha chuma kilikuwa kinazidisha, na hilo eti mimi niligundua dozi ya nne.