Jibu kwa aliyeuliza kuhusu asali na wanja wa kitovu

Kaka wa Faza, umesema mkeo ana mimba ya miezi minane, mamako ameshaweka asali ya kumlambisha mtoto na wanja wa kumpaka kitovuni, na kliniki wamemwambia mkeo asivitumie. Waogopa kumvunjia mamako heshima. Mimi ni wa Lamu mjini, nimezaa watatu, na sasa ni mhudumu wa afya mtaani kwetu.

Mimba ya kwanza nilifundishwa yote kliniki, mavyaa wangu, mamake mume wangu, hakusikia hata neno. Basi katika arubaini, aliyekuwa akiamua ni yeye, na ilikuwa haki yake, kwani alishalea wana wanane. Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mzazi, ikakamuliwa ikamwagwa, mtoto akapewa maji ya sukari. Tukalala chumba cha ndani, mnazijua nyumba zetu za mawe, mchana kama usiku, pazia limeshushwa na udi unafuka. Siku ya nne mtoto analala tu, titi halitaki. Shangazi alipomtoa uani ndipo tukamwona: macho manjano, nyayo manjano. Nikambonyeza puani, na pale kidole kilipotoka ngozi ilikuwa rangi ya bizari. Mtoto asiyenyonya vya kutosha, umanjano humzidi. Alilazwa chini ya taa ya hospitali, akapona, alhamdulillahi.

Mimba ya pili nilikwenda kliniki na mavyaa. Muuguzi alimuuliza kwanza yeye hulea vipi, akamsifu kwa kumfunika mtoto vizuri na kumpumzisha mzazi. Kisha akamweleza taratibu. Dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, anyonyeshwe ndani ya saa moja, na maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Kuogeshwa kungoje saa 24. Asali isimguse kabla ya mwaka, kwa kuwa yaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo changa haliviwezi. Wanja nao huingiza uchafu kitovuni, na mwingine una madini ya risasi. "Na kitovu mtakipaka nini?" akauliza mavyaa. Akaonyeshwa dawa ya klorheksidini, ya kitovuni tu, isifike machoni kabisa. Kama haipo, kitovu kiachwe kikavu na kisafi.

Kwa hivyo usimwambie mamako kuwa kliniki wamekataza. Mpeleke mwenyewe akaulize. Na umpe kazi kubwa: kila asubuhi amtoe mjukuu penye mwanga amtazame macho, viganja na nyayo kama vina umanjano. Mtoto akikataa titi, akiwa na homa au baridi mwilini, akipata degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika naye ametulia, au kitovu kikiwa chekundu au kina usaha, ni hospitali saa ileile, hata kama ni usiku.

Na kwa kuwa mko kisiwani, zungumza na nahodha wa boti wiki hii. Mwulize maji yakipwa usiku hupita wapi, na umwekee nauli pembeni kabla mkeo hajaingia mwezi wa tisa.