Kabla hujawasha maiki na shosti wako, kaeni chini muongee

Kila wiki napata meseji za wadogo zangu wanauliza kitu kilekile, dada nataka kuingia kwenye rialiti shoo, au dada nataka kuanzisha podikasti lakini sina koneksheni, nifanyeje. Nimekuwa najibu mmoja mmoja, sasa nimeona bora niyaandike yote sehemu moja ili hata ambaye hajauliza ayapate.

Jibu langu ni lilelile siku zote. Hiyo koneksheni unayoitafuta kwa watu wakubwa mara nyingi iko kwa marafiki ulionao sasa hivi, yule mliyesoma naye chuo ambaye leo anashika kamera za harusi, yule anayejua kuediti kwenye simu, yule ambae kaka yake anaendesha gari la prodakshen. Mimi michongo yangu yote, na nasema yote, imekuja kwa rafiki kumtaja rafiki. Ila kuna jambo watu hawaliongelei. Kwenye hii kazi urafiki haukufungulii mlango tu ukaishia hapo, urafiki wenyewe ndo unarekodiwa na ndo unauzwa. Mtu anafungua podikasti yenu kwasababu anapenda nyie wawili mnavyotaniana, na mtu anakaa mbele ya rialiti kwasababu anataka kujua nani kamnunia nani. Sasa kama bidhaa ni urafiki wenu halafu hamjawahi kukaa chini mkaambiana nini kinauzwa na nini hakiuzwi, siku moja mtaumizana vibaya sana, na nimeshuhudia watu waliokuwa wanalala kitanda kimoja hosteli leo wakipishana mtaani hawasalimiani.

Tuanze na kazi yenyewe. Wengi mkisema rialiti mnamaanisha kuonekana, na siwalaumu, maana wa kuonekana ndo tuliokua tukiwajua. Mwisho Mwampamba alishika nafasi ya pili Big Brother Africa ya kwanza 2003, ile shoo ya watu kufungiwa nyumba moja, Richard Bezuidenhout akabeba 2007, Idris Sultan akabeba 2014 na dola 300,000 na akatoka hapo akaenda kwenye uchekeshaji, redio na filamu. Nawaheshimu sana, lakini piga hesabu, mshindi kwa kawaida ni mmoja kwa msimu na akishamaliza ni nadra kurudi tena, wakati walioshika kamera, waliovalisha watu maiki, walioediti, hao msimu unaofuata wanaitwa tena. Kama unatafuta kazi ya miaka, anzia nyuma ya kamera.

Mimi nilianzia huko. Rafiki yangu alikuwa msaidizi wa prodyuza kwenye kipindi kimoja hapa mjini akaniambia wanatafuta mtu wa kukaa na hedifoni na kuandika nani kasema nini dakika ya ngapi, ili muediti asipitie masaa yote kutafuta sentensi moja. Kazi haina umaarufu wowote, macho yanauma, unasikiliza watu wakila wali kimya nusu saa nzima. Lakini ndo shule bora niliyowahi kupita, kwasababu unaanza kuona kabla ya muediti kwamba hapa pana stori, kwamba yule dada alivyosema "hamna shida" hapo ndo shida imeanzia, na unajifunza kuwa mtu akinyamaza kabla ya kujibu hiyo sekunde ina thamani kuliko jibu. Leo nikirekodi podikasti nafanya kitu hichohicho, nasikiliza.

Na ukikaa huko nyuma utaelewa pia watu wanachaguliwaje. Wanaotafuta washiriki hawatafuti mtu mzuri peke yake, wanatafuta uhusiano ambao tayari upo. Netflix walipoleta Young, Famous & African 2022 wakaweka Diamond na Zari kwenye kipindi kimoja, wale ni watu waliozaa pamoja, historia yao ilikuwepo kabla kamera haijawashwa, na Showmax walipoleta The Real Housewives of Nairobi 2023 ni kundi la wanawake wa mji mmoja wenye mambo yao na stori zao. Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili ukaambiwa njoo na rafiki yako, jua hawakuiti wewe, wanaiita hiyo kamba iliyopo kati yenu, na watataka kuona inavutika kiasi gani.

Hapa nataka nitulie kidogo maana ndo pana maumivu. Kwenye rialiti kuna kile kiti unakaa peke yako unaongea na kamera. Prodyuza anakuuliza swali halafu anakuomba ujibu kwa sentensi kamili, uanze na jina la mtu, kwasababu sauti yake yeye itakatwa. Kwa hiyo hutaonekana ukijibu swali, utaonekana umeamua mwenyewe kumuongelea mwenzako. Na mara nyingi unakaa pale umechoka, umeshinda kwenye mataa ya kurekodia, una njaa, una hasira ya jana. Ushauri wangu ni huu na naushikilia kabisa, usiseme kwenye kile kiti kitu chochote kuhusu rafiki yako ambacho hujamwambia usoni. Kama hujamwambia, mwambie prodyuza hilo naongea nae kwanza. Hakuna mkataba niliousoma mimi unaokulazimisha ujibu kila swali, na prodyuza mwenye akili atafurahi kwasababu ataenda kuwarekodi mkiongea ana kwa ana, ambayo kwake ni bora zaidi. Alafu jua kwamba kwenye editi sentensi ya Jumatatu inaweza kukaa juu ya uso wa Alhamisi, rafiki yako ataona umekunja sura yeye akiongea kumbe wewe siku hiyo ulikuwa unasikiliza habari nyingine kabisa. Kubalianeni mapema kwamba kipindi kikitoka mnapigiana simu kwanza, kabla ya kuingia Instagram.

Mkataba. Someni. Ile fomu ya ridhaa mnayopewa mlangoni mkiwa mnacheka ina maneno mazito, mara nyingi inawapa haki ya kutumia picha na sauti yako popote na bila kikomo cha muda. Hiyo ni kawaida ya tasnia na pengine hutaibadilisha, ila kuna kipengele kimoja ambacho mtu mwenye podikasti lazima akitafute, nacho ni cha kutoonekana wala kusikika sehemu nyingine kwa muda fulani. Shosti yangu mmoja alichaguliwa kwenye shoo, tukakuta kipengele hicho kinamfungia na podikasti tuliyokuwa tunafanya pamoja. Bahati nzuri tulikuwa tumeshaandika karatasi kati yetu kwamba mmoja akipata mchongo mkubwa anaenda na baraka zote, wengine wanaendelea na wageni, kiti chake kinamsubiri na fungu lake linapungua kwa kipindi ambacho hayupo. Hakuna aliyenuna. Tulimsindikiza mpaka kambini na mabegi yake. Kama hiyo karatasi isingekuwepo najua kabisa tungeongea maneno ambayo hayafutiki, maana kila mtu angekuwa na haki kwa upande wake.

Tuje kwenye podikasti sasa, maana wengi mtaingilia huku, mlango wake uko wazi zaidi na hata waliotoka kwenye TV na redio wamehamia. Salama Jabir alikaa kwenye meza ya majaji Bongo Star Search na leo watu wanamsikiliza kwenye Salama Na, Adelle Onyango kule Nairobi aliacha redio 2019 na mwaka huohuo akaanzisha Legally Clueless, ambayo imejaa watu wa kawaida wanasimulia maisha yao. Hawakuanza na studio za mamilioni kichwani, walianza na uwezo wa kumfanya mtu aongee.

Vifaa nitapita haraka. Kila mtu awe na maiki yake na sauti yake ijirekodi peke yake, maana marafiki mnacheka kwa pamoja na kukatana maneno, kama mmerekodi kwenye maiki moja hakuna muediti atakayewatenganisha. Maiki za dynamic zinavumilia kelele za chumba kuliko zile za condenser. Tafuteni chumba chenye pazia nzito na godoro, zimeni feni, na mvua ikianza kugonga bati subirini iishe. Ukimaliza kuediti weka ukubwa wa sauti karibu na -16 LUFS (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti, utakiona kwenye programu ya kuediti), ndo Apple wanavyopendekeza, ili mtu kwenye daladala asihangaike kuongeza na kupunguza.

Sasa hela na umiliki. Chaneli ya YouTube inafunguliwa kwa email, na email ni ya mtu mmoja. Hapa ndo urafiki mwingi umezikwa. Fungueni email mpya ya podikasti, sio ya mtu binafsi, na wote mpewe ruhusa kwenye chaneli kupitia seting. Pesa ya matangazo nayo inaingia kwenye akaunti ya AdSense, ile Google wanayolipia matangazo, ambayo ina jina la mlipwaji mmoja, kwa hiyo andikeni mapema ikishaingia inagawanywaje na lini. Jina la podikasti mkalisajili BRELA, wale wanaosajili majina ya biashara Tanzania, mapema mkiwa bado mnapendana, kwasababu jina likishakuwa kubwa kila mtu atakumbuka ni yeye alilitunga. Na kwa sisi wa Tanzania nendeni mkaulize TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kama maudhui yenu yanahitaji leseni, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilikuja 2018 na zimeshabadilishwa zaidi ya mara moja, usitegemee alichokwambia mtu wa miaka ile.

Ili mgawiwe pesa ya matangazo kwa njia ya video ndefu, YouTube wanataka sabskraiba 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya miezi 12, na zile klipu fupi watu wanazotazama wakiwa wanateleza na kidole hazihesabiwi kwenye hayo masaa. Kwa hiyo kuna kipindi kirefu mtakuwa mnafanya kazi bila kulipwa, mnatoa hela ya bando na nauli mfukoni, na hapo ndo utamjua mwenzako. Mkiwa na wasikilizaji Marekani, ndugu zetu wa huko wanasikiliza sana, jueni Google wanakata kodi ya kule kwenye kipande hicho cha mapato, jazeni ile fomu ya kodi mapema. Kwa upande wangu hela ya kueleweka imetoka kwa wadhamini na kwa kuediti podikasti za watu wengine, matangazo ya YouTube yalikuja nyuma sana.

Kuna makubaliano mengine hayana hela ndani ila kwangu yana uzito kuliko yote. Kwetu kila mtu anaisikiliza episodi kabla haijatoka na ana haki ya kufuta kitu chochote kinachomhusu bila kujieleza. Hata kama ndo sehemu tamu kuliko zote. Na stori ya mtu ambaye hayupo chumbani, iwe ex, iwe mama, iwe shosti mwingine, haisemwi mpaka aulizwe. Mtaniambia mnapoteza klipu kali, ndio tumezipoteza, na rafiki yangu aliyenihadithia alivyopoteza mimba bado ananihadithia mambo yake. Sijawahi kujuta hata mara moja. Alafu muwe na siku ya kuonana bila maiki, mle chipsi, muongelee upuuzi, na mtu akisema "hii tungerekodi" mwambieni hapana, hii ni yetu.

Na rafiki akipata kazi wewe ukakosa? Itatokea. Mlienda usaili wote, akachukuliwa yeye. Mwambie ukweli kwamba umeumia na umemfurahia, vyote viwili vinakaa moyoni mwa mtu mmoja, kuliko kupotea kimya kimya halafu aanze kujiuliza kakukosea nini. Wewe uliyepata nawe usijifanye hamna kilichotokea, mtafute wa kwanza.

Ukitaka kumuomba rafiki kazi usimwandikie "nikumbuke kwenye mambo yako", hiyo haimsaidii, hajui akukumbuke kwa lipi. Andika hivi: mambo, nasikia mnaanza kurekodi mwezi ujao, naweza kuvalisha watu maiki, naweza kuandika dakika, laptop ninayo, niko huru kuanzia tarehe moja, kama hakuna nafasi nitajie mwingine nimuulize. Meseji kama hiyo anaifowadi vilevile kwa prodyuza bila kuongeza neno. Na akikuombea, siku ya kwanza fika kabla ya muda ulioandikwa kwenye ratiba ya siku, chaji simu, beba betri za maiki, vaa viatu visivyopiga kelele, na usipige picha seti hata kama msanii unayempenda kakaa mbele yako, maana pale mlangoni umeingia kwa jina la rafiki yako na kama kuna kitu kitavuja wa kwanza kuitwa ni yeye.