Kampuni kuwa endelevu: shughulikieni kuni za boila kwanza, miche itasubiri mvua

Mkuu, nimeusoma uzi wako wote. Kwa kifupi unasema mko kwenye kiwanda cha maziwa chenye boila ya kuni, mkurugenzi amerudi kutoka semina na hamasa kubwa, ameunda kamati ya mazingira na kukupa uenyekiti, na bajeti ya kwanza imeshapangwa: miche, fulana na bango la getini. Unauliza kama hapo ndipo pa kuanzia.

Kwa maoni yangu, hapana. Nimefanya kazi ya ufundi kwa miaka mingi kwenye kiwanda cha chai upande wa Mlima Kenya, na mabadiliko ya aina hiyo tumeyapitia. Yalianzia mlangoni mwa tanuri, bango likaja baadaye sana.

Kiwanda cha chai kinakula joto. Majani mabichi yanafika yakiwa na maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake. Unahitaji kilo nne na ushei za majani kupata kilo moja ya chai, na maji yote hayo lazima yaondoke, kwanza kwenye vihori vya kunyaushia, kisha kwenye mashine za kukaushia. Joto linaletwa na mvuke, na mvuke unatoka kwenye boila inayolishwa mkaratusi usiku na mchana. Viwanda vingi viliachana na mafuta mazito bei ilipopanda, vikahamia kwenye kuni, na wapo waliodhani kwamba kuacha mafuta peke yake kumeshawafanya marafiki wa mazingira. Kuni zinakuwa endelevu pale tu unapojua zimetoka wapi na unachoma kiasi gani. Ukikosa hayo mawili, unachoma msitu wa mtu mwingine.

Kwetu, kilicholeta mabadiliko ni daftari. Meneja aliyekuja wakati huo aliagiza kila zamu iandike mita za ujazo za kuni zilizoingia tanurini na kilo za chai zilizotoka. Ilichukua wiki chache tu tukaanza kuona zamu moja inatumia kuni nyingi kuliko nyingine kwa chai ileile. Vijana walikuwa walewale na boila ni hiyo moja. Tofauti ilikuwa kwenye kuni: zamu ya usiku ilikuwa inachukua zile zilizoshushwa karibu na mlango, ambazo zilikuwa mbichi.

Hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo pesa zenu zilipo. Gogo lililokatwa juzi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kila kilo ya maji hayo inameza takriban megajuli 2.6 za joto ili ipashwe moto na kugeuka mvuke, na mvuke huo hauendi kwenye mashine zenu, unapaa na moshi wa bomba. Hasara ya pili ni kubwa vilevile: moto wa kuni mbichi haufikii joto linalotakiwa, gesi za kuni zinatoka hazijaungua, moshi unakuwa mzito, presha inashuka, na kijana wa boila akiona geji imeshuka anaongeza kuni. Kama mnanunua kwa tani, mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu mnamlipa muuzaji kwa kuwaletea maji. Badilisheni mkataba, mnunue kwa mita za ujazo.

Tulichofanya hakikuhitaji mtaalamu kutoka nje. Magogo mazito yalipasuliwa. Yakapangwa juu ya mbao ili yasiguse udongo, chini ya mabati, pande zote zikiwa wazi na nafasi ya upepo kati ya safu na safu. Huku kwetu ukungu ni wa kila asubuhi, kwa hiyo kukausha kunahitaji miezi, si wiki. Kila rundo liliandikwa tarehe ya kuingia, na rundo la zamani ndilo linalochomwa kwanza, bila ubishi. Mzee mmoja wa boila alikuwa na njia yake ya kuzijua kuni zilizokauka: anachukua vipande viwili anavigonganisha, kikavu kinalia kwa sauti kali, kibichi kinatoa mlio mzito uliokufa. Meneja alimheshimu, lakini alitaka namba pia. Basi tukachukua mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia majani ya wakulima, tukachagua magogo machache kwenye kila rundo, tukayapaka rangi nyekundu, na kila Jumatatu yanapimwa na uzito unaandikwa kwa chaki kwenye nguzo ya banda. Gogo likiacha kupungua uzito, rundo hilo liko tayari. Mfumo mzima wa kupima unyevu ulikuwa huo, na ulifanya kazi.

Baada ya kuni tuliingia kwenye mvuke wenyewe. Tembea kiwandani kwenu usiku mashine zikiwa zimepoa kelele, usikilize inapolia "sssss". Kila sauti hiyo ni kuni. Halafu fuatilia maji ya moto yanayotoka kwenye mashine baada ya mvuke kufanya kazi yake: yanarudi boila au yanamwagwa mtaroni? Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 6 za Selsiasi unazoongeza kwenye maji yanayoingia boila zinaokoa karibu asilimia 1 ya kuni. Maji ya mtoni huku juu ni baridi sana, kwa hiyo kiwanda kinachorudisha maji yake yakiwa na nyuzi 80 kinaokoa kama sehemu moja ya kumi. Kwa gharama ya bomba, tangi na pampu. Ninyi wa maziwa mnapasha maziwa na kuosha vyombo kwa maji ya moto siku nzima, kwa hiyo faida yenu hapa huenda ikaipita ya kwetu.

Kwenye umeme sisemi mengi. Feni zinazokwenda kasi moja saa zote ni za kuangalia kwanza, maana feni ukiipunguza kasi kwa asilimia 20, umeme wake unashuka karibu nusu. Angalia pia kama bili ina faini ya pawa fakta (kipimo cha sehemu ya umeme mnaovuta inayofanya kazi kweli) kuwa chini ya 0.9. Na kama mnatumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka, kanuni za nishati za 2012 hapa Kenya ziliwataka watumiaji wa kiwango hicho kufanya ukaguzi wa nishati kila miaka mitatu na kutekeleza angalau nusu ya akiba iliyobainika. Ripoti ya ukaguzi huenda ipo kwenye kabati la mtu. Itafute. Nimeona kampuni moja ikilipia ripoti ya pili kutoka kwa washauri wakati ya kwanza haijafunguliwa.

Sasa watu. Kiwanda chetu kinamilikiwa na wakulima, na kuni zinalipwa kutoka kwenye pesa ambazo zingekuwa bonasi yao. Kwenye mkutano mkuu mmoja, mama mmoja alisimama akauliza, "Hizi kuni zinakula kiasi gani cha pesa yangu?" Kwa sababu daftari lilikuwapo, alijibiwa palepale. Kuanzia hapo wakulima wenyewe ndio waliokuwa wanauliza habari za banda la kuni. Hakuna kamati ya mazingira inayoweza kuwa na nguvu kama hiyo. Wewe tafuta nani kwenu anapoteza pesa kuni zikipotea, umpe namba.

Faida tuliiona wazi Februari 2018, serikali iliposimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma. Kuni ziliadimika, bei ikapanda. Aliyekuwa ananunua za leo achome leo alichoma mbichi kwa bei ya juu. Sisi tulikuwa na marundo makavu bandani.

Miche basi ina nafasi yake, sisemi msipande. Ila pandeni mkijua hesabu: mtavuna lini, mtachoma kiasi gani kwa mwaka, hivyo mnahitaji ekari ngapi. Mkaratusi unachipua tena ukikatwa, ni mti mzuri wa kuni, lakini ukae mbali na kingo za mito na maeneo ya chemchemi. Na mpangieni mtu mshahara wa kuutunza. Miche ya siku ya picha, bila wa kupalilia, huliwa na mbuzi.

Mwambie mkurugenzi asogeze bango mbele mwaka mmoja na pesa hiyo ijenge banda la kuni. Halafu andikeni kwa mwezi mmoja tu: kuni zilizoingia, lita za maziwa zilizosindikwa, na joto la maji yanayoingia boila. Ukiyapata, yaweke hapahapa kwenye uzi, tutakaa nayo pamoja na mafundi wengine waliomo humu.